Tumpe na Maji Yanayorudi

Tumpe alikuwa na miaka sita. Mdogo wake, Ipyana, alikuwa na miaka mitatu.

Kwao ni Kyela, karibu na Ziwa Nyasa. Lakini sasa ni likizo. Wamepanda basi siku mbili, wamefika Pangani. Leo wataiona bahari!

Tumpe alikimbia mbele. Pata, pata, pata! Halafu akasimama.

"Mama! Bahari haipo!"

Kweli. Palikuwa na mchanga, mchanga, mchanga. Maji yalikuwa kule mbali.

Dada mmoja alicheka. Alivaa fulana ya njano, na shingoni alikuwa na filimbi. Huyu ni Dada Mwanahawa. Kazi yake ni kuwalinda watu wanaooga baharini.

"Shikamoo, dada," alisema Tumpe.

"Marahaba, mdogo wangu. Bahari ipo. Maji yamekupwa tu, yameondoka kidogo. Baadaye yatarudi."

"Yatarudi? Kwani yana miguu?"

"Hayana miguu, lakini yana mbio! Yakirudi, na ninyi mrudi. Sawa?"

"Sawa!" Tumpe akarukaruka. "Maji yakirudi, na sisi turudi!"

Baba alikunja suruali yake.

"Twendeni kwenye lile fungu la mchanga," alisema. "Tujenge basi!"

"Basi! Basi!" akapiga kelele Ipyana.

"Msikae sana," alisema Mama.

"Usijali, Mama Tumpe. Mimi nimekulia ziwani!"

Wakashikana mikono. Wakavuka maji madogo. Chubwi, chubwi, chubwi! Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu tu.

Kwenye fungu la mchanga, Baba alichimba. Ipyana alipigapiga. Tumpe alichukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Chubwi! Maji yalifika katikati ya muundi.

"Baba, maji yanarudi."

"Mawimbi tu hayo, mwanangu. Lete maji, tutengeneze tairi."

Tumpe akaenda tena na ndoo.

Chubwi! Maji yalifika magotini.

"Baba, maji yanarudi!"

"Ngoja kidogo, mama. Bado tairi moja."

Ipyana alikuwa amekaa ndani ya basi. "Piii! Piii! Pandeni twende!"

Tumpe akaenda mara ya tatu.

Chubwi! Maji yalipita magoti. Yalikuwa yanasukuma. Tumpe alimtazama Ipyana. Ipyana ni mfupi. Ipyana hajui kuogelea.

Tumpe akaitupa ndoo. Akamshika Baba mkono, akauvuta kwa nguvu.

"Baba! Tazama nyuma! Maji yakirudi, na sisi turudi!"

Baba akageuka. Ule mchanga waliopita haukuonekana tena. Palikuwa na maji mengi, yanametameta.

"Ala!" alisema Baba. "Kwetu ziwa halifanyi hivi!"

Haraka akambeba Ipyana mabegani. "Nishike mkono, Tumpe. Usiniachie."

"Sikuachii, Baba."

Priii! Priii! Ilikuwa filimbi ya Dada Mwanahawa. Alikuja mbio na boya lake la rangi ya chungwa.

"Njooni upande huu!" aliita. "Huku hakuna kina!"

Hatua moja. Chubwi! Hatua mbili. Chubwi! Maji yakafika kiunoni kwa Tumpe. Yakafika kifuani.

Bwaaa! Wimbi likampiga usoni.

"Puu! Lina chumvi!" alisema Tumpe. Lakini mkono wa Baba hakuuachia.

Dada Mwanahawa akafika. "Shika boya, mdogo wangu. Vizuri! Piga miguu!"

Tumpe akapiga miguu. Pa, pa, pa! Kifua kikatoka majini. Kiuno kikatoka. Magoti yakatoka. Mchanga!

Mama akawakumbatia wote pamoja, na chumvi yao.

"Baba Tumpe," alisema Dada Mwanahawa, "mtu wa ziwani leo umekutana na bahari!"

Baba akainama mpaka macho yake yakalingana na ya Tumpe.

"Uliniambia, nami sikukusikiliza. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe," alisema Tumpe.

Ipyana alinyoosha kidole. Lile fungu la mchanga lilikuwa limefunikwa lote. "Basi letu!"

"Limeondoka," alisema Mama. "Limejaa samaki."

Ipyana akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni walikula wali wa nazi na samaki. Kisha wakaoga, wakapanda kitandani. Miguu ya Tumpe ilikuwa imechoka, lakini macho yalikuwa bado yanang'aa.

Baba akawafunika shuka.

"Tumpe," alisema taratibu, "kesho tuingie baharini saa ngapi?"

Tumpe akafikiri.

"Kwanza tukamuulize Dada Mwanahawa. Halafu nitakwambia."

"Haya, mama," alisema Baba. "Kesho nakusikiliza wewe."

Akazima taa.