Kuchagua Kisiwa na Mtoto Mgongoni

Kibera nzima hakuna anayejua habari za maji kunishinda mimi. Nimekaa kijiji cha Raila, kando ya mto, tangu majirani walipokuwa wachache na vyura wakiwa wengi. Kuogelea siwezi, hata kwenye beseni huwa nashika ukingo, na siku mto ulipopanda nilikuwa Kawangware kwenye harusi, mguu wa kuku mkononi. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya Mideva, aliyekuwemo majini mwenyewe. Pale aliposahau, nimemsaidia kukumbuka.

Safari ya likizo ya Mideva iliharibika kabla haijaanza, na iliharibikia mdomoni mwa Lazarus.

Lazarus ni fundi wa rangi. Mideva, mkewe, husuka nywele Soko la Toi. Mtoto wao Billy alikuwa ndiyo kwanza amejua kukaa bila kuanguka. Raila yote ilimwita Lazarus Mtu wa Visiwani, kwa sababu jina hilo alijipa mwenyewe na akalitangaza vizuri. Alipokuwa akimtongoza Mideva alimsimulia utoto wake kule ziwani: alivyovuta nyavu za dagaa wa omena, alivyoogelea kutoka Mbita hadi kisiwa cha Rusinga na mbuzi shingoni, mawimbi yakiwa makubwa kama nyumba. Mideva alizaliwa kwenye vilima vya Vihiga, ambako maji ni kitu cha kubeba kichwani. Aliamini yote, hata mbuzi.

Basi saluni ilipofungwa Aprili ili irekebishwe, Mideva alisema, "Hii ndiyo likizo yetu. Tumpeleke mtoto akaone visiwa vya kwao. Chagua kimoja."

Hapo ndipo masikitiko yalipoanza.

"Rusinga," Mideva akapendekeza.

"Upepo. Mtoto atashikwa na kifua."

"Takawiri. Wanasema kuna mchanga mweupe."

"Utamwingia machoni."

"Mfangano."

"Milima mitupu. Nani atambeba?"

"Ndere."

"Nyoka."

"Haya, Migingo!"

"Migingo watu wamejazana, Mama Billy. Hakuna hata pa kuweka beseni la kumwogeshea."

"Na hapa tulipo kuna pa kuweka beseni?"

Ilikuwa hivyo wiki baada ya wiki. Mwishowe Mideva alichoka. Alimnunulia mumewe shati la maua pale Toi, akamnunulia Billy kofia ya jua, akafunga begi na kuliweka mlangoni. "Kesho tunapanda basi la Kisumu," akasema. "Kisiwa utachagua ukiwa ndani ya basi."

Mvua ilianza jioni hiyo na haikupumua. Kulipokaribia kupambazuka, jirani yao Irungu alipiga mlango kwa ngumi. "Lazarus! Tokeni! Mto unakuja! Watu wote wanapanda shuleni!"

"Irungu, rudi ulale," Lazarus alijibu kutoka chini ya blanketi. "Mimi ni mtu wa maji. Haya yatashuka sasa hivi."

Irungu hakubishana. Angebishana vipi na mtu wa visiwani?

Mideva aliposhusha mguu kitandani ili apike uji, mguu uliingia majini hadi kwenye kifundo. Alipomaliza kuujaza uji kwenye themosi, maji yalikuwa magotini. Alimfunga Billy mgongoni kwa leso, akaitundika themosi shingoni kwa kamba, akatafuta mlango. Mlango ulikataa. Maji yaliusukuma kutoka nje kama mtu mwenye nguvu anayedai kuingia. Lazarus aliweka bega, akasukuma, bawaba zikang'oka, na mto ukaingia wote kwa pamoja, wa kahawia, unanuka, umebeba sandali, mitungi na sukuma wiki ya mtu.

Begi lilizunguka chumba mara moja kama linaloaga, likapita mlangoni, likakata kona na kufuata mto. Katika familia ile, ndilo pekee lililokwenda likizo.

"Shati langu?" Lazarus aliuliza.

"Umelivaa."

Kweli alikuwa amelala nalo.

Kichochoro kilikuwa mto tayari. Ng'ambo yake, hatua chache tu, kulikuwa na kibanda cha Shivachi, seremala wa vitanda, na Shivachi mwenyewe amesimama juu ya meza yake kubwa ya kazi, amekataa kuacha mali.

"Kujeni hapa!" alipiga kelele. "Shikeni ukuta! Upande wa kushoto kuna mtaro, msikanyage!"

Walivuka wakibana ukuta, maji yakiwavuta suruali na leso. Wakati Shivachi anamvuta Mideva juu ya meza, ukuta wa nyuma wa nyumba yao ulilainika kama ugali usioiva, ukaanguka. Mabati yakafuata. Mideva alitazama mahali palipokuwa na kitanda chake, kisha akamtazama mumewe.

"Yatashuka sasa hivi," akasema.

Lazarus alijifanya anatazama mbingu.

Meza ile ndiyo ilikuwa kisiwa chao cha kwanza, na haikuwa kisiwa cha kukaa. Ilitetemeka. Kila gogo lililopita liligonga miguu yake. Billy alikuwa analia kile kilio cha mtoto asiye na njaa wala usingizi, ambaye ameona tu kwamba wakubwa hawajui wanachofanya.

"Meza haitafika saa sita," Shivachi alisema. "Lazima tuhamie kwingine."

"Jaa la takataka?" Mideva aliuliza, akionyesha kilima kilichochomoza upande wa chini.

"Linayeyuka," Lazarus alisema.

Lilikuwa linayeyuka kweli.

"Paa la kanisa?"

"Nyaya za stima zimeanguka pale."

"Hapo amesema kweli," Shivachi aliitikia. "Nimeona zikitoa cheche. Hayo maji ya kanisani msiyaguse hata kwa ukucha."

"Basi ni choo," Mideva alisema.

Choo cha kijiji ni cha zege, kimejengwa juu, kina paa bapa, na nyuma yake kuna ngazi za kupanda hadi shuleni. Tatizo lilikuwa uwanja uliokuwa katikati. Uwanja ule ambao kila siku watoto hucheza mpira, leo maji yalikuwa yanaukata kwa kasi, yanapiga makunyanzi.

"Kile ni mbali," Lazarus alisema.

"Choo ni mbali? Baba Billy, wewe huenda kila asubuhi na sigara!"

"Na mtoto je? Kuna upepo pale juu."

Mideva alifumba macho. Aliniambia kwamba hapo aliona Rusinga, Takawiri, Mfangano na Ndere zote zinapita mbele yake, na alitamani amsukume mtu majini. Alipoyafumbua alisema polepole, "Fundi, una kamba?"

Shivachi alikuwa nayo, ile ya kufungia vitanda kwenye mkokoteni. Ncha moja akaifunga kwenye nguzo ya kibanda. Ncha ya pili akaishika mkononi, na yeye na Mideva wakageuka pamoja wakamtazama Mtu wa Visiwani.

"Chukua," Mideva alisema. "Ogelea, uifunge kwenye nguzo ya choo. Sisi tutafuata tukiishika."

Rangi ilimtoka Lazarus, yeye fundi wa rangi. "Haya maji ni machafu," alisema. "Sisi kule tunaogelea maji safi."

"Funga mdomo yasiingie."

"Mkondo wake si wa ziwa. Ziwa lina mawimbi. Huu ni..."

Gogo likagonga meza. Mguu mmoja ukavunjika, meza ikainama, na Mideva akateleza hadi ukingoni, mtoto mgongoni, visigino vyake vikiwa tayari majini. Shivachi alimdaka kwa mkono. Lazarus aliona kichwa cha mwanawe kikining'inia juu ya maji ya kahawia. Alinyakua mitungi miwili mitupu ya plastiki iliyokuwa inapita, akaifunga kifuani kwa mshipi wa suruali, akajizungushia kamba kiunoni, akajitupa.

Kuogelea kwenyewe hakukuwa kuogelea. Mideva alikuwa anatazama. Mtu alifumba macho yote mawili, akapiga miguu kama kuku anayechinjwa, akazama, mitungi ikamrudisha juu, akakohoa, akazama tena. Bati lililolala chini lilimpasua wayo, na maji yakageuka mekundu kidogo kisha yakarudi kahawia. Mahali ambapo miguu iligusa chini alitembea. Mahali ambapo haikugusa aliomba, kwa Kijaluo, kwa sauti. Mkondo ulimsukuma hadi karibu apite choo kabisa, na ndipo vidole vyake viliposhika nguzo. Aliikumbatia kama ndugu aliyerudi kutoka ughaibuni.

"Funga kamba!" Shivachi alifoka. "Utaibusu baadaye!"

Kamba ikakazwa. Billy akawekwa ndani ya beseni la plastiki lililookotwa likipita, akafunikwa leso, beseni likafungwa kwenye kamba kwa kitambaa cha kichwa cha Mideva. Mama mbele, fundi nyuma, beseni katikati. Maji yalifika kifuani. Baridi yake ilibana mbavu. Mideva alivuta hatua, akasubiri, akavuta nyingine, macho hayatoki kwenye beseni.

"Godoro!" Shivachi alipiga kelele. "Kutoka juu! Inama!"

Godoro kubwa lililolowa lilikuja likizunguka, likagonga kamba, likambana Mideva shingoni. Kitambaa cha kichwa kikafunguka. Beseni likageuka mara moja, taratibu, kisha likashika mkondo.

Mideva alipiga ukelele ambao watu wa shuleni waliusikia.

Lazarus alikuwa ameshafungua mitungi yake. Hakuwa na kitu chochote cha kumfanya aelee. Aliiachia nguzo akaruka alivyokuwa, mikono mbele, akazama na kuibuka, na mkono wake mmoja ukalishika beseni ukingoni. Wakaenda pamoja, baba na beseni, hadi mkondo ulipowabamiza kwenye ukuta wa ngazi. Pale aliliinua beseni juu ya kichwa, yeye mwenyewe akiwa chini ya maji, maana wanaume wawili waliokuwa wanashuka ngazi walisema waliona beseni limesimama peke yake majini, na ndani yake mtoto amenyamaza, anawashangaa.

Walimpokea mtoto kwanza, kisha wakamvuta Lazarus kwa kola ya shati la maua. Mideva na Shivachi wakafika kwa kamba, na wote wakapandishwa juu ya paa la choo, kwa sababu wakati huo maji yalikuwa yamezifunika hata ngazi walizoshukia wale wanaume, na ilibidi wasubiri kamba nyingine iteremshwe kutoka shuleni.

Walikaa pale, wakitetemeka. Themosi ilikuwa bado shingoni mwa Mideva. Billy alikunywa uji wote bila kumbakishia mtu.

"Lete mguu," Mideva alisema.

Wayo ulikuwa umepasuka vibaya. Mideva alirarua pindo la shati la maua, akafunga kidonda, akakaza kwa meno.

"Polepole," Lazarus alisema. "Kwa kweli ingekuwa ni ziwa..."

"Nyamaza, Baba Billy."

Mideva aliendelea kuushika mguu ule mapajani mwake hata baada ya kumaliza kuufunga, na alikuwa anafikiri.

Mchana mvua ilikatika, kamba ikateremshwa, wakapandishwa mmoja mmoja hadi darasani. Darasa lilikuwa limejaa watu, masufuria na kuku wawili. Irungu alikuwepo, na kwa hisani yake alikohoa tu.

Mchana huohuo Nereah akafika. Huyu ni shangazi yake Lazarus, anayeishi Kawangware, ndiye aliyemlea. Tulikuwa naye harusini habari ilipofika. Mimi magoti yalikataa, yeye akaja kwa miguu, kwani Ngong Road magari yalikuwa yamesimama kama yamepandwa, akapitia Toi akamnunulia mtoto blanketi na sweta. Alipomkuta Billy mzima alilia kidogo, akamvalisha sweta kinyumenyume, akakaa chini.

Wakati huo Lazarus alikuwa amepata chai na wasikilizaji, na chai na wasikilizaji vilimrudishia ulimi.

"Maji ya leo si kitu," alikuwa anawaambia. "Mtu aliyevuka kwenda Rusinga na mbuzi shingoni hawezi kushtuka na mtaro. Shivachi si aliniona? Mikono ilikumbuka yenyewe."

Shivachi aliangalia chai yake.

"Waya," Mideva alimwita Nereah kama wanavyoitwa mashangazi kwao mumewe, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya. "Kutoka Mbita hadi Rusinga, mtumbwi huchukua muda gani?"

"Mtumbwi wa nini?" Nereah alishangaa. "Si kuna daraja? Pikipiki zinavuka, ng'ombe wanavuka, wanawake wanavuka na samaki kichwani."

Darasa lote likamgeukia Lazarus. Hata kuku.

"Siku zile za utoto wangu, Waya," Lazarus alisema haraka, "daraja lilikuwa bado..."

"Utoto upi? Ule wa Kawangware? Hata kabla ya daraja, njia ya mawe ya kuvukia ilikuwa imewekwa wewe hujazaliwa. Ni wewe huyu niliyekuwa nakukimbiza uani na kikombe cha maji ya kukuosha uso, ukilia kama unauawa. Ziwa ulilionea wapi, kama si kwenye kalenda yangu?"

Lazarus aliinama akakagua kitambaa cha mguuni, ua moja baada ya jingine.

Mideva alimtazama kwa muda mrefu: mtu asiyejua kuogelea hata kidogo, na amejitupa majini mara mbili. Akamsogezea blanketi mabegani. Kisha akamwinamia sikioni, lakini si chini sana, darasa zima lisikie.

"Baba Billy, yule mbuzi alikuwa anaogopa daraja?"