Leza ya Maman Véronique

Jua lilikuwa linazama, na Cirhuza, fundi wa redio na simu karibu na soko la Kamembe, alikuwa anakusanya bisibisi zake aende nyumbani, pale bibi mmoja alipoketi kwenye benchi lake bila hodi. Alijiita Maman Véronique. Akaweka mezani leza, zile ndogo za kuning'iniza kwenye funguo, za kutoa nukta nyekundu ukutani.

"Papa, unitengenezee hii."

Cirhuza akacheka. Kitu chenyewe hata watoto kikiwaharibikia hukitupa jalalani! "Maman, muache hii. Pa soko iko mingi, mupya, ya bei kidogo."

"Mupya haijue batu," bibi akanong'ona.

Hapo ndipo mwenye akili angefunga mlango. Lakini sikio la kufa halisikii dawa, na fundi akiona kitu kilichokufa vidole vinamwasha. Akafungua kifuniko. Harufu ikamjia... maziwa ya mama yaliyochacha. Batri zilikuwa zimeoza kwa kutu, na kwenye springi palikuwa pamezungushwa kitu cheusi, kikavu, kilichojikunja. Aliwahi kuona kitu kama hicho kwa dada yake, siku kitovu cha mtoto kilipodondoka.

"Hii ni nini, Maman?"

"Usiitoshe hiyo, uiache pale pale. Utengeneze tu."

Atengeneze? Arudishe? Mkewe, Sandrine, alikuwa anakaribia kuzaa, mimba ya kwanza baada ya miaka ya kusimangwa na mawifi. Mwanamume wa hivyo hachezi na uchawi. Tena ukimwita bibi wa watu mchawi, na si mchawi, umemtukana. Na kama ni mchawi kweli, umekwisha.

Ndipo akajiona mjanja. Kwetu, anayekukaribisha pombe ya ndizi huionja yeye kwanza, mbele ya macho yako, ujue haina sumu. Akishaonja, nawe unakunywa bila maneno. Cirhuza akatia batri mpya, akakwangua kutu, akampa bibi leza yake.

"Muonje kwanza, Maman. Mujimulike."

Bibi akatabasamu, kama aliyengoja aambiwe hivyo hivyo. Akaelekeza nukta tumboni mwake. Tumbo la bibi kizee, lililokauka zamani. Nukta ikatulia pale... ikatulia... Hakuna kilichotokea.

"Umeona? Sikufa. Sasa na weye," akasema, akimrudishia leza.

Wakati huohuo Sandrine, kwa kuona mumewe amechelewa, akaingia na sahani ya ugali na sambaza, vidagaa vya ziwani. Cirhuza, roho imeshatulia, akajitia mcheshi, mpumbavu yule! Akambonyezea mkewe leza tumboni.

"Angalia, mutoto anapigwa foto!"

Sandrine akacheka. Kisha akaacha kucheka. Sahani ikaanguka.

"Cirhuza... ameruka sana. Sasa ametulia."

Ametulia kweli.

Hospitalini walimtoa amekufa, mtoto wa kiume, mzima wa viungo vyote. Daktari alisema mambo haya hutokea. Mawifi walisema mengine, na yote walimbebesha Sandrine. Cirhuza aliyasikia. Hakuthubutu kusema ni mkono wa nani ulioshika ile leza. Mkewe alilala amegeukia ukuta huku maziwa yakimlowesha blauzi, na hapakuwa na wa kuyanyonya.

Jioni moja, akiwa kazini, harufu ile ikarudi.

Maman Véronique alikuwa ameketi kwenye benchi. Tumbo lake lilikuwa mbele, gumu, limeinua kitenge. Kitu kikasogea chini ya kitambaa... kisigino kidogo.

"Anacheza sana," akanong'ona. "Kijana mukorofi."

"Unirudishie mutoto wangu!" Cirhuza akasimama.

"Huyu ni wangu sasa. Nilionja mimi." Akaweka mezani leza, ileile aliyoondoka nayo siku ile. "Imekufa tena. Ukitaka mutoto mwingine, utengeneze. Sandrine, bibi yako, aonje wa kwanza. Wa pili, mwenye mimba... utachagua weye."

Akainuka polepole, mkono kiunoni, akaenda zake.

Cirhuza akachukua nyundo. Aliinua juu kabisa, msiseme hakujaribu. Mkono ulikuwa bado uko hewani pale Uwamwezi, jirani na rafiki wa Sandrine, aliposimama mlangoni akihema, mimba yake imemchosha, ameshika termosi.

"Papa Cirhuza, nampelekea Sandrine uji. Bado analia?"

Cirhuza alimtazama usoni. Kisha akatazama chini, tumboni, akatazama kwa muda mrefu.

"Bado," akasema. "Ukae, Uwamwezi, upumzike. Kuko kitu kidogo natengeneza, tutaenda wote."

Akaweka nyundo chini, akaanza kutafuta batri.