Barakoa ya Fundi Marumaru

Mtaa mzima hakuna aliyemshinda mtoto aliyepewa jina la utani Pua kwa kunusa uongo. Aliounusa karibuni ni ule wa jana, wa juzi na wa wiki nzima iliyopita, na wote ulitoka kwa baba yake.

Kila jioni Pua alimpokea baba mfuko wa kazi na kuloweka nguo zake. Baba alikuwa fundi marumaru. Alirudi na nyusi nyeupe kwa vumbi, na kikohozi kilichogoma kuhama.

Siku moja mwalimu wa sayansi aliwaonyesha ngozi ya kitunguu kwenye hadubini. Pua aliona vijumba vimepangana, kila kimoja na ukuta wake na nukta ndani. Hizo ndizo seli, mwalimu akasema, na nukta ni kiini, kinachoiamuru seli igawanyike lini. Mapafu nayo yamejengwa kwa seli. Moshi wa sigara, au vumbi laini la mawe likivutwa miaka mingi, huweza kuvuruga amri hizo. Seli zikazaana bila breki, ikawa saratani.

Pua alirudi nyumbani mbio, akamsimulia baba yote. Baba akaahidi kuvaa barakoa nzito waliyopewa kazini, na kulowesha marumaru kabla ya kuzikata.

Wiki nzima aliapa ameivaa kutwa. Lakini barakoa ilirudi safi kama ya dukani, huku masharubu yamejaa unga. Pua akauliza vumbi lilipitaje chini ya barakoa. Baba akasema vumbi lina miguu.

Kesho yake ilirudi chafu. Baba akaikabidhi kwa majivuno. Pua akaigeuza: ndani, panapogusa mdomo, kulikuwa kuchafu kuliko nje.

Bibi, mama yake baba, akaweka chini kisu cha vitunguu.

"Mwanangu, ulipokuwa mdogo ulikana kulamba maziwa ya unga, na ndevu nyeupe zimekuota. Mimi ulinidanganya, nikacheka. Mapafu hayadanganyiki. Ilinde afya yako ungali nayo, na hicho kikohozi daktari akakione."

Baba akakiri kwamba siku zile nyingine aliogopa kuchekwa na mafundi wenzake. Hospitali, akasema, haina haja.

"Ila leo niliivaa, jamani. Iliniponyoka tu, ikaanguka sakafuni."

"Ikaangukia pande zote mbili, baba?" Pua akauliza.

Baba akaitazama nje, akaitazama ndani, akauliza hospitali hufunguliwa saa ngapi.