Siku Mama Apolline Alikaa Mbele ya Peugeot

Batu ya Kyeshero, mukuye karibu, niko na habari yenye inanichoma mudomo! Benye hamukufika ku arusi ya Héritière, mulikosa. Benye mulifika, munyamaze kwanza, nieleze mimi, juu nilikuwa pembeni kabisa ya gurudumu.

Ilianza muzuri. Jumamosi asubuhi, ziwa limetulia, bamama bako banacheka ku nyungu, na Papa Anastase, baba ya bibi arusi, anapangusa Peugeot 404 yake nyeupe. Ile gari munaijua. Ni ya zamani kutupita siye bote, na kila mama wa mutaa anatamani mutoto wake atoke nayo ku nyumba. Inangaa, unaweza kujiangalia ndani yake na kupaka rouge ku mudomo. Lakini nyuma ya gurudumu ya mbele kulikuwa kunatoka mafuta. Tone. Tone tena. Papa akafunika na muchanga mweusi, akaendelea kupangusa.

Bibi yake, Mama Apolline, mama ya bibi arusi, akaona.

"Papa Héritière, huile ya frein, ile mafuta ya breki, inamwangika tena?"

"Niliongeza. Frein inashika."

"Inashika ukipompa mara tatu! Kila Siku ya Mungu, tukienda kanisa, nakaa pembeni yako, nasikia muguu: pu, pu, pu."

"Apolline, ile gari inanijua. Usinipatishe haya mbele ya bakwe, batu ya bwana arusi."

Hapo njo ugonjwa iko, bandugu. Papa alijua! Gauthier, mécanicien, fundi ya gari wa Ndosho, alimuambia tangu Pasaka: gari hainywake huile ya frein, ikipunguka, kuna fasi inatokea. Tutoe gurudumu, tubadilishe ile tuyo ya frein, ule mupira wenye unapitisha mafuta, imepasuka. Papa akaitika. Kisha akaenda kupakisha gari rangi! Juu tuyo, nani ataiona?

Sasa musikie. Kwetu, baba hapeleke mutoto wake mwenyewe ku kanisa. Dereva anatoka upande wa bwana. Éphraïm, mudogo ya bwana arusi, akakamata clé, funguo ya gari. Hajawai kukanyanga ile pédale ya frein ata siku moja. Na njia ya kanisa inashuka, moto, zile pikipiki, zimejaa, bamama ba kuuzisha makala bako pembeni.

Papa Anastase akainamia dirisha. Akafungua mudomo. Nikasema sasa atasema!

"Uende polepole, mutoto yangu."

Basi! Njo yote!

Mama Apolline akamuangalia. Akaangalia Héritière ku kiti ya nyuma na voile yake ya arusi ku kichwa. Halafu akatembea, akakaa chini ku mawe, mbele ya gari, na liputa yake, kitenge ya mupya. Mbele ya gari yenye haina frein, batu yangu!

Muziki ikazima. Philomène, shangazi ya bwana, akapiga mikono: "Eee! Banakatala kutupatia mutoto! Ngombe tulileta, sasa munataka nini tena?"

"Mama, simama, liputa inachafuka!" Héritière analia, rouge inashuka.

"Sisimame. Baba yako aseme kwanza."

Éphraïm akacheka. "Aseme nini? Gari iko na pepo?"

Batu bote wakamugeukia Papa Anastase. Jasho ilikuwa inamutoka kama mutu amebeba mufuko ya sima ya kujenga.

"Haina frein," akasema chini chini.

"Sema na nguvu!" bibi yake akasema.

"Haina frein! Ukikanyanga mara moja, haishike. Niliona haya."

Éphraïm akajaribu. Muguu ikaenda mupaka chini, bila kitu. Akatoka ndani ya ile gari kama kiti inamuchoma.

Héritière alienda ku kanisa juu ya moto, voile amefunga ku mukono, siye nyuma tunapiga vigelegele. Na Philomène? Yeye mwenyewe aliinama, akapangusa vumbi ku liputa ya Mama Apolline. Leo Peugeot iko juu ya mawe kwa Gauthier, bila magurudumu, na Papa amekaa pale anaiangalia.

FUNDISHO

Bandugu, tuache kupenda macho ya batu kupita uzima ya batoto yetu. Huile ikipunguka, usiongeze tu, tafuta fasi inatokea. Pédale ikishuka mupaka chini, simamisha gari. Na hatari yenye unajua, uiseme mapema, ata bakwe basikie. Haya inapita kwa siku moja. Mutoto mwengine, ungemutoa wapi?