Matundu ya Pini Ubaoni

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alipitia kituo cha kuchunguza nyota alikofanya kazi shangazi yake. Jina hilo alipewa nyumbani kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Lakini ofisini humo hata yeye alinyamaza.

Shangazi alipima picha za nyota moja kwenye kompyuta, akimsomea vipimo, naye Chiriku akichomeka pini kwenye ubao wa ukutani, mahali pa kila kipimo. Shangazi aliupa ubao mgongo makusudi.

"Nikiutazama mapema, hamu yangu itanidanganya," alisema. "Hesabu zangu zinasema karibu na nyota hii kuna shimo jeusi, yaani nyota kubwa iliyokufa ikajididimia. Hata mwanga hautoki humo. Kama lipo, linaivuta hii nyota, na mstari wa pini utapinda. Kama halipo, utanyooka."

Mstari ukaanza kupinda.

Chiriku alihisi ubaridi mgongoni. Kando ya pini palikuwa na ubao mtupu tu, lakini kitu kisichoonekana kilikuwa kikivuta. Usiku hakupata usingizi. Kesho yake, vipimo vilipokwisha na shangazi akatoka kidogo, alizichomoa pini zote, akazipanga zikanyooka kama rula. Hapo roho ikatulia.

Aliporudi, shangazi aliugeukia ubao. Mabega yakamshuka.

"Basi," alisema taratibu. "Ngoja nikamwambie mkuu hakuna kitu. Darubini wapewe wengine."

Kazi yake ya miaka yote! Chiriku alimwona akishika kitasa cha mlango, akamkimbilia.

"Shangazi, nisamehe! Nimezinyoosha mimi. Niliogopa."

Shangazi hakufoka. Alirudi, akapitisha kidole ubaoni, kikagusa tundu, kisha tundu jingine. Walipima picha zote upya, na kila pini ikarudi kwenye tundu lake la kwanza. Mstari ukapinda.

"Lipo," shangazi alinong'ona, machozi yakimlengalenga.

Mkuu wa kituo alipoitwa, alitazama, akavua miwani, akaketi bila kukaribishwa.

"Kuogopa si kosa, mwanangu," shangazi alisema. "Hata mimi linanitisha. Lakini uliponyoosha pini, shimo halikwenda popote. Lilibaki palepale, ila sisi tusingejua. Ukiona jambo la kutisha, liseme lilivyo."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kisha akapatazama pale patupu kando ya pini, na safari hii hakugeuza uso.