Karoti Kumi kwa Siku

Kila asubuhi, kabla ya kupanda baiskeli kwenda shule, Tilde alipita kwa babu yake kuchukua karoti. Babu Evald alilima karoti huko Lammefjord, kwenye ardhi tambarare ambayo zamani ilikuwa chini ya bahari, isiyo na hata jiwe moja la kuupinda mzizi. Aling'oa mbili, akazisuuza kwenye ndoo, moja akampa mjukuu wake, nyingine akaitafuna mwenyewe. Ndivyo walivyoamkiana tangu Tilde alipoota meno.

"Kula, mama," alisema Babu. "Ulishamwona sungura amevaa miwani?"

"Bado, Babu."

"Basi! Na hutamwona."

Mzaha huo ulikuwa mkongwe kuliko trekta la Babu. Watu wazima waliucheka na kuendelea na kazi zao. Tilde, mwenye miaka kumi na mmoja, aliuamini, maana aliyeusema alikuwa Babu, na Babu hakuwa mtu wa kumdanganya.

Mwaka huo alikuwa na sababu ya kuuamini zaidi. Tangu likizo ya kiangazi ilipokwisha, maandishi ya ubaoni yalikuwa yameanza kuingiliana. Hilo alilivumilia, kwani rafiki yake Mie, waliyekaa dawati moja, alimsomea kwa kunong'ona. Kilichomnyima raha ni mpira wa mikono. Tilde alikuwa golikipa wa timu ya wasichana, na siku hizi mpira ulimtokea ghafla ukiwa umeshafika puani. Jumanne alifungwa mabao sita, Alhamisi tisa.

"Tilde, unalala au huoni?" aliuliza kocha Rikke.

"Naona!" alijibu haraka.

"Haya. Mechi ya kwanza imebaki mwezi mmoja. Ukiendelea hivi, golini nitamweka Mie."

Tilde aliligeukia goli. Goli lile alilipenda kuliko kitu chochote. Akisema haoni, atavalishwa miwani, na ni nani atakayemruhusu kusimama golini na vioo machoni? Njia ilikuwa moja tu, nayo ilijaa shambani kwa Babu.

Tangu siku hiyo alikula karoti kumi kwa siku. Alizitafuna njiani, alizitafuna mapumzikoni, hata mkate mweusi wa mchana akampa Mie. Mama yake alifurahi kupata mtoto anayependa mboga. Babu ndiye aliyefurahi kupita kiasi. "Huyu damu yangu!" aliwaambia majirani.

Wiki tatu zilipita. Ubao ulibaki vilevile. Siku moja mazoezini Tilde aliinua mikono kuzuia mpira, na Mie, aliyekuwa tayari kurusha, akasimama akaduwaa.

"We, mbona viganja vyako vina rangi ya chungwa?"

Tilde alivitazama. Kweli. Alikimbia kunawa kwa sabuni, akasugua mpaka ngozi ikauma. Rangi haikutoka. Wenzake wakaanza kumwita "Bi Karoti," naye akacheka nao huku machozi yakimlenga. Kocha hakucheka. Siku iliyofuata alimpeleka kwa Bodil, nesi wa shule.

Nesi alikagua viganja, akaangalia weupe wa macho, akatikisa kichwa. "Huu si ugonjwa wa manjano. Unakula karoti ngapi?"

"Kumi. Siku nyingine kumi na mbili."

Nesi alitaka kucheka, lakini Tilde alikuwa ameanza kulia. "Nilitaka macho yapone," alisema. "Sioni mbali."

Alipopimwa, alishindwa kusoma herufi kuanzia mstari wa tatu. Nesi alimkalisha karibu yake.

"Karoti ni nzuri, Tilde. Mwili unaitumia kutengeneza vitamini A. Hiyo inakusaidia kuona kwenye mwanga hafifu, inalinda ngozi, inakupa nguvu ya kupambana na maradhi. Nyuzinyuzi zake zinasaidia tumbo. Ila jicho lako limerefuka kidogo kuliko inavyotakiwa, na hilo halitibiwi na chakula. Linahitaji miwani. Karoti moja au mbili kwa siku zinatosha, ukizila na siagi kidogo ili mwili uipate hiyo vitamini, pamoja na vyakula vingine. Hiyo rangi itaisha yenyewe."

"Usimwambie Babu," Tilde aliomba. "Ataumia. Atadhani karoti zake hazina maana."

"Mimi simwambii," alisema nesi huku akiandika barua. "Utamwambia wewe. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umebahatika kufichuliwa na viganja tu."

Wazazi walikuwa bado kazini, hivyo barua ilifika kwa Babu kwanza. Alijaribu kuisoma akiwa ameishika mbali na macho, mkono umenyooka. Akaisogeza karibu. Akaenda nayo dirishani, akarudi.

"Nisomee wewe, mama. Siku hizi wanawaandikia sisimizi."

Tilde aliisoma yote, neno kwa neno, bila kukwama. Kisha akamtazama.

"Babu, na wewe huoni."

"Naona!" alijibu Babu haraka.

Walitazamana, wakaangua kicheko mpaka Babu akashika meza. Halafu kicheko kikamwishia. Alivichukua viganja vya mjukuu wake, akavigeuza taratibu.

"Rangi hii nimekupaka mimi," alisema. "Niliusema mzaha ule kwa watoto wote wa hapa, sikufikiri kuna atakayeuamini, akaubeba peke yake hivi. Nisamehe."

Kesho yake walikwenda wote wawili kwa mpima macho. Babu alipata miwani ya kusomea. Tilde alipata mbili: moja ya kila siku, nyingine ya michezo, isiyovunjika, yenye mkanda wa kuishikilia kichwani. Kumbe magolikipa wengi walikuwa wakiivaa.

Siku ya mechi Tilde alisimama golini akauona mpira tangu unapotoka mkononi mwa mrushaji. Alifungwa kumi na moja, akaokoa zaidi ya hapo, na mpira mmoja ulimpiga usoni akasimama tena. Timu yake ilishinda kwa bao moja. Alipotoka alimkimbilia Babu, naye akamkumbatia kwa nguvu, jasho na yote.

"Nisikilize," Babu alisema. "Karoti utaendelea kula, maana ni afya ya mwili wako. Lakini neno 'sioni' halioti shambani. Hakuna mboga itakayolisema badala yako, wala badala yangu. Lazima tulitoe wenyewe mdomoni, na mapema."