Kadi Iliyopangwa Tayari

Jua lilikuwa linazama Mdogo alipoingia kwenye duka la vifaa chakavu. Alitafuta mfumo wa kuwashia kompyuta ya kizamani ya marehemu pacha wake, ile ya kibodi nene inayochomekwa kwenye televisheni. Pacha huyo aliitwa Mkubwa kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Tangu azikwe, mama yao hakumtazama tena Mdogo usoni. Ile sura moja ilimchoma. Mdogo alitaka kumfufulia mama michezo na nyimbo za Mkubwa, labda angemtazama hata mara moja.

Muuzaji aliweka mezani kadi mbili ndogo za kumbukumbu. Moja ilikuwa na mfumo mtupu: kila kitu ujipangie mwenyewe, na jasho likutoke. Nyingine ilikuwa imepangwa tayari, unachomeka na kuwasha tu. Mdogo, mvivu wa kutupwa, akaidaka hiyo. Akauliza nani aliipanga. Muuzaji akasema walioileta hawakurudi kuichukua.

Kisha akamshika mkono.

"Itakuuliza mko wangapi," akanong'ona. "Jibu kweli, kijana wangu."

Swali gani hilo la kumtisha mtu mzima?

Alipofika nyumbani akachomeka, akawasha. Kioo kikawa buluu.

HUMU NDANI MKO WANGAPI?

Kwao, mgeni akiuliza idadi ya watoto, jibu lilikuwa wawili. Mama alikataza katakata Mkubwa asipunguzwe kwenye hesabu. Vidole vya Mdogo vikaandika kwa mazoea: mama, na watoto wawili. Watatu.



Tik. Tik-tik...

Vitufe vilikuwa vinabonyea vyenyewe. Chumba kikanuka udongo mbichi. Mdogo alitaka kuinuka, miguu ikagoma.

NIMEFIKA. LAKINI KITI NI KIMOJA.

"Mama..." akaita.

Mama alikuja akijifuta mikono. Akasoma. Akasoma tena. Mdogo akamwomba achomoe waya ukutani, akamwomba kama mtoto, lakini mama hakuugusa. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya vitufe vilivyokuwa bado vinabonyea, polepole, kama anayepapasa kichwa cha mwana mwenye homa.

Halafu akageuka. Akamtazama Mdogo machoni, machozi yakimtiririka.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "wewe umeshakaa vya kutosha. Mpishe mwenzio."